Mlinzi Kwanza, Programu Baadaye

 

Leo nataka tuzungumzie soga za mtandaoni, hasa zile za mtindo wa zamani: chumba kimoja, watu wengi, wote wamo kwa wakati mmoja, huyu anauliza na yule anajibu papo hapo. Kijana yeyote wa kwetu Nakuru mwenye kompyuta na ujuzi wa kuandika programu anaweza kufungua chumba cha namna hiyo. Ujuzi tunao. Egerton iko Njoro, Kabarak iko barabara ya Eldama Ravine, na kila mwaka vyuo hivyo vinatoa vijana waliosomea kompyuta. Kuna hamu ya kuvirudisha vyumba vya soga kwa sura mpya, na mimi hamu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nina neno moja kwa kila anayetaka kuanzisha, nalo nitalitetea hadi kipindi kiishe: tafuta mlinzi kabla ya kuandika programu.

Tuanze na asili ya mambo. Mnamo Agosti 1988, Mfini mmoja aitwaye Jarkko Oikarinen, akiwa Chuo Kikuu cha Oulu, aliandika programu iliyokuja kujulikana duniani kote kama IRC. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kila chumba kilikuwa na jina, na mada yake imeandikwa juu kabisa. Ukiingia, unajichagulia jina la utani. Maneno yanapita kwenye skrini yanakwenda zake, na asiyekuwepo yamempita. Tena kila chumba kilikuwa na walinzi wake, ambao mbele ya majina yao kulikuwa na alama ya @ ili kila anayeingia awajue. Mlinzi aliweza kumtoa mtu, kumnyamazisha, au kumfungia mlango asirudi tena.

Sisi tulifikiwa na mambo hayo baadaye kidogo. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, mojawapo ya kampuni zilizotufungulia intaneti. Zikaja saiba, ambako ulilipia dakika na kuandika huku jicho moja liko kwenye saa. Kisha soga zikahamia kwenye simu. Waliokuwa shuleni na vyuoni miaka kumi na tano hivi iliyopita watazikumbuka mig33, 2go na Mxit. Zilifanya kazi kwenye simu ndogo ya vitufe na zilikula salio kidogo sana, kwa hiyo mwanafunzi asiye na kitu mfukoni aliweza kukesha akipiga soga na watu wa Kisumu, Mombasa na Johannesburg.

Vyumba vya soga vikafungwa kimoja baada ya kingine. Oktoba 2003 Microsoft ilifunga vyumba vyake vya MSN katika nchi nyingi, ikisema watu wazima wenye nia mbaya walikuwa wakivitumia kuwaandama watoto. Yahoo ikafunga vyake Desemba 2012. Mxit nayo ikazimika miaka michache baadaye. Tukahamia kwenye makundi ya WhatsApp, na humo ndimo tulimo hadi sasa: kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la chama, kundi la harambee ambayo iliisha zamani lakini kundi bado lipo.

Makundi hayo yametusaidia sana, sitayabeza. Lakini hebu tazama yanavyokwenda. Mtu analala, anaamka anakuta jumbe mia tatu. Swali aliloliuliza jana jioni limefunikwa na picha za kusambazwa, na aliyetaka kulijibu hakuliona. Nambari yake ya simu iko wazi kwa kila mtu kundini, hata asiowajua. Admini alipewa cheo hicho kwa sababu ndiye aliyelifungua kundi, na mara nyingi yeye mwenyewe hasomi yanayoandikwa. Mwaka 2022 WhatsApp iliruhusu kundi moja libebe hadi watu 1,024. Watu elfu moja uwanjani, na hakuna anayeshika zamu! Ndiyo maana ninawaelewa wanaotamani chumba cha zamani, ambacho watu huingia kwa saa yake, wakazungumza jambo moja, wakatoka.

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe, nacho kinatugusa sisi watu wa Nakuru mahali panapouma.

Kabla ya makundi ya WhatsApp, Wakenya walikuwa na ukumbi wao mtandaoni ulioitwa Mashada. Aliujenga David Kobia, Mkenya mwandishi wa programu aliyekuwa akiishi jimbo la Alabama, Marekani. Watu walikutana humo kuzungumzia siasa, mapenzi, kazi, mpira na habari za nyumbani. Ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Desemba 30 matokeo ya urais yakatangazwa, vurugu zikalipuka, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni ziliponyamazishwa, watu walikimbilia mahali palipobaki: jumbe za simu na mitandao. Uvumi ukapata nafasi ya kukimbia bila wa kuukamata.

Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika kwetu. Nakuru mjini watu waliuawa na wengine wakafukuzwa makwao, na Jumapili ya Januari 27 ikawa zamu ya Naivasha. Mitaa ambayo majirani waliazimana chumvi ikagawanyika kwa makabila. Yaliyokuwa yakisemwa mitaani yaliandikwa pia mtandaoni: nani aondoke, nani ni madoadoa asiyetakiwa hapo, nani alipize kisasi kwa niaba ya nani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilipokuja kuhesabu, ilipata watu 1,133 waliokufa nchi nzima.

Kobia alijaribu kuuchunga ukumbi wake, ukamshinda. Kila ujumbe wa chuki ulioondolewa ulifuatwa na mingine. Alikuwa bara jingine, na walioandika walikuwa wamejificha nyuma ya majina ya bandia, hawajuani na hawaonani. Mwisho akafanya uamuzi mgumu: akaufunga Mashada. Mahali pake akafungua ukurasa alioupa jina lenye maana ya kwamba sina kabila, ambapo Mkenya aliweza kuandika neno la kujitambulisha kama Mkenya na kumwombea mwenzake heri.

Uamuzi ule ninauheshimu. Mwezi huo huo Kobia alikuwa amejiunga na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman kujenga Ushahidi, ramani iliyokusanya taarifa za wananchi kuhusu mahali palipotokea vurugu, na ambayo baadaye ilitumiwa katika nchi nyingi zilizopatwa na maafa. Kwa hiyo aliyefunga Mashada alikuwa fundi hodari kuliko wengi. Utaalamu wa programu haukumpungukia hata kidogo. Alichokosa ni watu wa kukaa mlangoni, wanaolijua eneo na wanaojulikana na wanaozungumza. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa sogeza miaka minne mbele, uje hapa Lanet. Mwaka 2012 vyombo vya habari vya dunia viliandika habari za Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja, aliyekuwa akiendesha baraza lake kwa Twitter. Saa kumi alfajiri alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja. Akaandika ujumbe mfupi. Katika dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakatoroka. Siku nyingine alitangaza kondoo aliyepotea, wa rangi ya kahawia na nyeupe, mwenye kamba ya nailoni shingoni. Hebu zingatia maelezo hayo: rangi na kamba. Anayeandika hivyo anajua anawaandikia watu watakaotoka nje kumtazama huyo kondoo.

Waliomfuata Twitter moja kwa moja walikuwa mamia tu, lakini jumbe zake ziliwafikia maelfu, kwa sababu wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, walizipata kama SMS, na aliyepata alimwambia jirani. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba hata wezi wa kijijini mwake wako Twitter. Naam, na walijua kijiji kizima kinaona.

Mnaweza kuniambia kwamba ile ilikuwa sauti ya mtu mmoja, na chumba cha soga ni sauti za wengi. Ni kweli. Lakini weka visa hivi viwili pamoja. Mashada ulijengwa na fundi wa hali ya juu, ukavunjwa na chuki ndani ya wiki chache. Baraza la Lanet lilitumia chombo cha watu wengine, bila mstari hata mmoja wa programu yake, likaokoa mali na pengine maisha. Tofauti iko kwa anayeshika mlango. Chifu alikuwa karibu, anajulikana kwa jina na kwa sura, ana wajibu, na akisema uongo leo kesho atakutana nao barazani. Neno lake lilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kufungua chumba cha soga Nakuru leo afanye nini? Acha nitoe mfano mmoja ninaoutamani sana, wa wakulima wa viazi.

Chukua mkulima wa Keringet. Amechimba viazi, viko kando ya barabara, mvua inatishia. Dalali amefika na lori. Anamwambia bei Nairobi imeanguka, soko la Wakulima limejaa, na gunia litafungwa kwa lumbesa, yaani lijazwe kupita kipimo, ama lori liondoke tupu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mkulima anaijua sheria hiyo. Asichokijua ni bei ya saa hiyo, na hana wa kumwuliza saa hiyo. Akiandika kwenye kundi la WhatsApp, jibu litakuja usiku, kati ya tangazo la mazishi na video ya mahubiri, na viazi vimeshaondoka.

Sasa chukua chumba kinachofunguliwa kila siku saa mbili usiku na kufungwa saa tatu. Mada iko juu: bei ya viazi, kesho. Mkulima wa Keringet anauliza. Mwenzake wa Elburgon anamjibu kwamba jioni hii ameuza kwa bei fulani, gunia la kilo 50, bila lumbesa. Aliyeko Nairobi sokoni anasema yaliyoshushwa leo ni malori mangapi. Dalali naye yumo, tena karibu sana, ila anaingia kama dalali na kila mtu anajua hivyo. Akitaja bei ya uongo, mlinzi anamwita mbele ya wote: ndugu, thibitisha au uondoe. Saa tatu ikifika chumba kinafungwa, na kesho asubuhi mkulima anaamka na neno la kumwambia mwenye lori.

Mlinzi huyo ni nani? Anaweza kuwa katibu wa chama cha ushirika, afisa wa kilimo wa wadi, au mkulima mstaafu anayeheshimika. Sharti ni kwamba watu wamjue, na yeye awepo saa zote chumba kikiwa wazi. Hapo ndipo saa maalumu inapokuwa na faida mbili. Mlinzi hakeshi, kwa hiyo hachoki. Na watu wanakutana. Chumba cha soga kilicho wazi mchana na usiku huwa kama kibanda cha chakula kisicho na mteja: mtu anachungulia, anaona viti vitupu, anakwenda zake, na anayekuja nyuma yake naye anaona viti vitupu. Vijana, wengi watawaletea ushauri wa kutangaza, kuweka mapambo, kuweka rangi. Wekeni saa. Sisi watu wa redio tumeishi kwa saa tangu zamani, na wasikilizaji wetu wanajua kipindi gani kiko lini.

Nakuru ina jambo lake la ziada. Tangu Desemba 1, 2021 ni jiji, na tangu kale ni mji wa watu wote. Mkikuyu, Mkalenjini, Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mmaasai, Mhindi na Msomali wananunua sukuma wiki kwenye soko moja. Kwa hiyo chumba chochote cha hapa kiwe na walinzi wawili angalau, wa jamii mbili tofauti, na lugha ya chumba iwe Kiswahili. Mtu akitolewa, sababu iandikwe wazi, na mlinzi wa pili aweze kumrudisha. Walinzi wabadilishwe kwa muhula, kama viongozi wa chama wanavyobadilishwa. Mlinzi asiyelindwa na mtu atageuka mwenye nyumba.

Kuna sheria pia, na anayeanzisha azijue mapema. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyozaliwa na yale yale ya Januari, inamtoza msambazaji wa chuki ya kikabila faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Julai 2017 tume iliyoundwa na sheria hiyo, pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano, ilitoa miongozo iliyowataka maadmini wadhibiti yanayoandikwa kwenye makundi yao. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uchunge taarifa za watu unazozishika. Hapa chumba cha zamani kina hekima yake. Mbele ya wengine mtu atumie jina la utani, nambari yake isionekane, hasa kwa wasichana na kina mama wanaosumbuliwa usiku na watu waliochukua nambari zao kwenye kundi. Lakini mlinzi amjue ni nani, na aingie kwa kudhaminiwa na mwanachama aliyemo. Kwa njia hiyo aibu ya kusema uongo inabaki na mwenyewe.

Najua kuna anayeuliza: je, mlinzi huyo hatakuwa mdomo wa serikali, au wa mwanasiasa? Swali hilo ni la haki. Juni 2024 vijana wa nchi hii walikusanyika kwa maelfu kwenye vikao vya sauti vya X kuujadili Mswada wa Fedha, na wengine wakatumia Zello, programu inayofanya simu kuwa redio ya upepo. Juni 25, siku ya maandamano makubwa, intaneti ikayumba nchi nzima. Vijana wale hawakutaka kusimamiwa na mtu. Hata hivyo kumbuka vikao vile viliendeshwaje: palikuwa na mwenyeji aliyegawa zamu ya kusema, akamkatiza aliyetukana na kumpa nafasi aliyengoja. Walimtii kwa sababu walimchagua kwa masikio yao, na angepotoka wangehama. Mlinzi wa namna hiyo ndiye ninayemtaka, anayepata mamlaka yake kwa walio chumbani na anayeweza kuondolewa nao.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba ulinzi ni kazi, na kazi huchosha. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi chini ya kampuni ya Sama, alifungua kesi dhidi ya Meta na Sama, akieleza namna kazi ya kutazama ukatili kutwa nzima ilivyomwumiza akili na malipo yalivyokuwa duni. Kama kampuni tajiri kuliko nyingi duniani inalaumiwa kwa kutowajali walinzi wake, sisi tusianze kwa kosa hilo. Chama cha wakulima kikiweza kumlipa mlinzi wa ghala, kimlipe na mlinzi wa soga. Hata kama ni salio na nauli, apewe.

Kuhusu gharama ya chumba chenyewe, sina mengi. Chumba kiwe cha maandishi tu, bila picha wala video, ili bando la shilingi chache litoshe wiki. Mwenye kabambe asiachwe nje. Apate njia ya kuuliza na kujibiwa kwa SMS, kama watu wa Lanet walivyopata jumbe za chifu wao. Programu yenyewe vijana wetu wataiandika. Mambo ya IRC yako wazi kwa yeyote kuyasoma tangu zamani.

Wasikilizaji wangu, mwezi Mei 2018 bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku, watu 48 walikufa. Maji hayakuwapa muda wa kuitisha mkutano. Siku kama hiyo, mji unaishi au unakufa kwa njia zake za kuambiana, na njia hizo haziwezi kujengwa siku ile ile. Zinajengwa kwenye mambo madogo, bei ya viazi na kondoo aliyepotea, ili watu wazoee kuaminiana kabla ya kubwa kufika. Chumba ambacho watu wamekizoea saa mbili usiku wakizungumzia viazi, ndicho watakachokikimbilia siku ya mafuriko, na ndicho kitakachokuwa na mtu wa kusema, huo uvumi ni uongo, nimefika mwenyewe nimeona.

Basi vijana wa Egerton, wa Kabarak, wa Kaptembwo na wa Free Area, anzeni. Chumba kimoja, mada moja, saa moja kwa siku, walinzi wawili. Msisubiri watu elfu. Thelathini wanaorudi kila usiku wanatosha. Wazee, machifu, viongozi wa ushirika na walimu, mkiombwa kushika zamu mlangoni, msiseme hayo ni mambo ya watoto. Baraza mmeliendesha chini ya mti miaka yote hiyo, na ujuzi huo ndio unaotafutwa. Na wewe msikilizaji, kabla hujajiunga na chumba chochote, uliza swali moja: mlinzi hapa ni nani, na nikidhulumiwa nitampata wapi? Usipopewa jina, usiingie.